Siku Nilipopindua Bao la Mtani

Baba yangu alikuwa mchezaji mbovu wa bao. Nalisema hili kwa mapenzi, na kwa sababu mwenye haki ya kulisema hayupo tena. Tangu tuhamishiwe kijijini alifungwa karibu kila siku, na mtu yule yule, kwenye kibaraza kile kile, na kila siku baada ya sala ya alasiri akarudi kufungwa tena.

Aliyemfunga alikuwa mtani wake. Ukoo wa baba na ukoo wa mzee yule walitaniana tangu enzi za mababu, lakini zamani walionana misibani na kwenye jando tu, maana baba aliishi kwenye mikorosho yake upande wa Ziwani, na mwenzake alikuwa mbali kule chini, karibu na Mto Ruvuma. Ilipokuja amri ya vijiji vya ujamaa, watu walipakiwa kwenye malori pamoja na vyungu na kuku wao, viwanja vikapimwa kwa kamba, na wazee hao wawili wakajikuta wametenganishwa na nyumba tatu. Mama aliililia mikorosho yetu mpaka macho yakavimba. Baba naye aliililia, kisha akachonga bao.

Asubuhi walikuwa wa kijiji, wakipalilia mihogo ya wote. Jioni walikuwa wa kwao wenyewe. Mzee yule hakujua kucheza kimya. Akimla baba kete nyingi kwa mkupuo aliwaita wapita njia. "Njooni mwone! Mtu kazaliwa na mikono miwili, hata mmoja haujui kazi yake!" Baba alimsingizia wizi wa viazi vya porini, "Cheza, mwizi wa ming'oko wee!" Mama alikuwa akitwanga makopa ya muhogo uani huku akicheka peke yake. Kelele zao zilifika mpaka shuleni, na balozi wa nyumba kumi aliwahi kuja mbio akidhani watu wanapigana.

Mimi wakati huo nilikuwa mwalimu kijana mjini Mtwara, nimepanga chumba Shangani, nina suruali mbili za bugaluu, pana miguuni, na mashine ya santuri ya kuazima. Starehe yangu ilikuwa muziki. Jumamosi tulikusanyika walimu watatu wanne, tukapiga sahani zile zile mpaka sindano ikachoka. Kila nilipokwenda nyumbani baba aliniambia, "Kaa nikufundishe bao, mwanangu, na mimi nipate wa kumfunga." Siku moja nikamjibu kwamba bao ni mchezo wa watu wanaosubiri kufa. Alicheka. Mimi leo silichekelei neno lile hata kidogo.

Mwaka huo masika ilikuwa nzito. Jioni moja, katikati ya mchezo, adhana ya magharibi ikawakatiza, wakaliacha bao lilivyo ili walimalize kesho. Usiku ule homa ikamshika baba. Asubuhi hakuweza kuinuka, lakini alimwita mama akamwambia, "Bao asiliguse mtu. Safari hii namfunga yule." Mama akalifunika kwa ungo, akaweka jiwe juu yake kuzuia kuku. Siku sita alizougua baba, mtani alikuja kila alasiri, akafunua ungo, akatazama, akafunika, kisha akaingia ndani kumwambia mgonjwa kwamba anajiuguza makusudi kwa kuwa ameona kitakachompata. Siku ya saba baba akafariki.

Mambo ya ungo mimi sikuyajua. Lori lililonileta lilikwama kwenye tope, nikafika baba ameshazikwa. Nilikaa msibani nikiwa na hasira nisiyojua nimtolee nani. Siku ya tatu wakaja walimu wenzangu wawili kutoka mjini kunipa pole, watu wa bara, wageni kabisa wa huku kwetu. Nikawakalisha mkekani karibu nami.

Ndipo mtani akatokea. Alikuwa amevaa koti la baba, kaligeuza ndani nje, na alitembea kama baba, goti moja likivuta. Wazee wakaanza kutabasamu. Akakaa kibarazani, akaondoa ungo, akalivuta bao mbele ya watu wote, akapiga kelele kuelekea makaburini, "We marehemu! Zamu yako! Umeona heri ujifiche shimoni kuliko kuja kucheza?" Watu wakacheka. Akacheza kete kwa mkono wa kulia, akasema, "Haya, hiyo yangu." Akahamia upande wa pili, akakohoa kama baba, akacheza kwa mkono wa kushoto. Kutoka ndani kwa wanawake nikasikia kicheko cha mama, kimechanganyika na kilio.

Mimi nilikuwa nikiwatazama wageni wangu. Mmoja alikuwa ameinamisha macho, mwingine ameshika kidevu kwa mshangao. Aibu ikanipanda mpaka masikioni. Niliwaza watarudi mjini kusimulia kwamba kwetu maiti hufanyiwa mzaha. Nikainuka, nikalishika bao nikalipindua, kete zikatawanyika kibarazani na kuangukia kwenye tope. Nikasema, "Mzee, kama humheshimu marehemu, tuheshimu sisi wafiwa. Ondoka hapa."

Baba mdogo, ndugu wa tumbo moja na baba, aliongea taratibu bila kunitazama. "Mwanangu, kwetu mtoto ni wa ukoo wa mama yake. Wewe unajua hilo. Msiba huu wenyewe ni sisi, na mtani huyu ni wetu. Nani kakupa ruhusa ya kumfukuza?"

Nilijua mila hiyo tangu utotoni, ila nilikuwa nimeihifadhi pamoja na vitu vingine vya nyumbani nilivyoviona vimepitwa na wakati. Mtani hana ruhusa ya kukasirika, hiyo ndiyo sheria, na mzee yule aliishika hata pale. Aliokota kete moja moja topeni, akazifuta kwa kanga aliyorushiwa na mama mlangoni, akazirudisha mashimoni bila mpango. Akavua koti, akalikunja, akaliweka miguuni pangu, akaenda zake. Hakuna mtani mwingine aliyekuja tena. Msiba wa baba ukaisha kwa watu kunong'ona.

Wageni walipoondoka mama aliniita uani. Alinieleza habari ya ungo na maneno ya baba kitandani. "Alikuwa anammalizia babako bao lake," akasema. "Lile baba yako angeshinda. Mtani alikuja kufungwa mbele za watu, ndiyo buriani yake ile. Na mimi tangu mume wangu afe, ndiyo mara ya kwanza nilicheka. Ukanikatiza kicheko, mwanangu."

Maji yakimwagika hayazoleki. Nilirudi mjini, nikarudisha ile mashine ya santuri kwa mwenyewe, sikuwa na hamu ya kusikia kitu. Msimu wa korosho ulipofika nilipanga foleni dukani nikapata kilo ya sukari, nikaenda nayo kwa mzee yule. Alinipa kiti, kiti pekee alichokuwa nacho, yeye akakaa chini kwenye kigoda. Nikamwomba radhi.

"Mtani haombwi radhi, mwalimu," alisema. "Hapakuwa na kosa."

"Basi nitukane, mzee. Nitanie kama ulivyomtania baba."

Akatikisa kichwa kwa upole. "Wewe si wa ukoo wake. Wewe ni wa ukoo wa mama yako, na sisi na hao hatuna utani. Nikikutukana wewe, nitakuwa nimekutukana kweli."

Nikamwomba basi anifundishe bao. Akakubali mara moja. Alileta bao lake mwenyewe, akanionyesha shimo liitwalo nyumba ni lipi, lini unakula na lini unapita tu, akanirudishia kete nilizokosea bila kuchoka. Alikuwa mwalimu mzuri kuliko mimi. Nilicheza vibaya sana. Nilicheza vibaya kama baba, nadhani vibaya zaidi, na kila nilipofanya upuuzi nilimtazama usoni nikingoja. Nilitamani awaite wapita njia, aseme upumbavu huu kaurithi, auulize mkono wangu kama unaijua kazi yake. Hakuna nilichokitaka duniani alasiri ile kuliko kutukanwa na mzee yule.

Akanifunga. Akakusanya kete zake, akasimama kunisindikiza, akanipa mkono wa kulia, wa kushoto ameushikisha kwenye kiwiko kwa heshima, kama mtu anayeagana na mgeni wa serikali.

"Umejitahidi, mwalimu," akasema. "Karibu tena."