Kumsubiri Mbwa Akauke

Mimi natoka Moshi, na kwetu mtu akikukatalia jambo anakukatalia kweli. Anakutazama usoni, anasema hapana, unamnunia wiki nzima, halafu mnasalimiana tena. Kilifi nilikuta adabu ya namna nyingine, na hadi leo nikiikumbuka damu inanichemka.

Nilivuka mpaka kuja kufundisha upishi kwenye chuo kidogo karibu na Bofa. Sikuwa na ndugu upande huo, wala gari. Mwalimu niliyempokea kazi aliniachia nyumba na mbwa jike, mkubwa, mwenye manyoya mazito yasiyofaa kabisa kwa joto lile. Nilimpenda yule mbwa. Nasema wazi, maana kuna watu wakisikia habari za mbwa wanajiandaa kucheka. Jioni nikirudi kwenye nyumba tupu, yeye ndiye aliyekuwa ananipokea, na ugenini hilo si jambo dogo.

Kusafiri naye sasa, jamani, ilikuwa adhabu. Matatu hawamtaki. Makanga mmoja aliniambia mbwa si abiria wala si mzigo, huku nyuma ya gari lake mbuzi analia na kuku wamefungwa miguu. Nikamuuliza, na huyo mbuzi ni abiria au mzigo? Akacheka, akagonga bati, gari likaondoka. Mbwa wa Wazungu wa mahotelini wana raha zao, wanapita wametoa vichwa madirishani kwenye magari ya mabwana zao. Wangu alikwenda kwa miguu, na mimi pamoja naye.

Basi kipindi kimoja cha mvua akaugua. Homa ya kupe. Alikataa chakula, fizi zikawa nyeupe, na siku ya tatu kulipokucha nikamkuta ametapika na kujinyea, hawezi kusimama. Daktari wa mifugo aliyemjua mbwa huyu alikuwa Mtwapa. Nikampigia simu.

"Mlete sasa hivi," akasema. "Akipata sindano asubuhi hii atapona. Usikae naye."

Sasa mbwa ananuka namna ile, nani atampakia? Nikafanya ambacho mtu yeyote mwenye akili zake kwetu angefanya: nikamuosha. Sabuni, ndoo nzima ya maji, kuanzia masikio hadi mkia. Nikambeba mpaka kituo cha teksi mbele ya mahoteli, maji yakichuruzika kwenye sketi yangu, nikiwa na hakika kwamba leo hakuna wa kuniambia mbwa wangu mchafu.

Dereva wa kwanza alikuwa bwana wa makamo tuliyezoeana, aliyependa kuniulizia hali ya wazazi wangu kana kwamba amewahi kuwaona. Alimtazama mbwa, kisha akanitazama mimi.

"Ah, mwalimu, pole sana. Ningekupeleka, ila kuna mgeni namngojea."

Wa pili alikuwa anakwenda kutia mafuta. Wa tatu breki zilikuwa zinamsumbua. Wa nne alisema inshallah akirudi, akawasha gari, na mpaka leo hajarudi. Na wote kwa sauti tamu! Pole mwalimu, Mungu atamponya mwalimu, vuta subira mwalimu. Mgeni wa yule wa kwanza hakutokea, na mwenyewe yuko pale pale ndani ya gari, anasikiliza redio. Mbwa wangu amelala kwenye changarawe, anahema. Nilitamani nimpige mtu.

Aliyenifumbua macho ni bibi mmoja aliyekuwa akiuza mahamri kando ya kituo. Nilimwamkia kwa mazoea tu, moyo uko kwingine.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Mbona umemuosha?"

"Alikuwa mchafu, bibi."

Akashika mdomo. "Lo! Maskini, kumbe hujui. Wanaume hawa wanaswali na nguo hizo hizo wanazoendeshea. Mbwa mkavu ukimlaza juu ya gunia hapana neno, mkavu kwa mkavu hakuna najisi. Lakini huyu yu majimaji. Akigusa kiti, kiti hicho ni cha kuoshwa mara saba, na mara moja iwe kwa mchanga. Na wale abiria wao wa kanzu nyeupe je?"

"Mbona hawakuniambia?"

"Wewe mgeni, tena mwalimu. Nani akwambie kuwa mbwa wako ni najisi?"

Nani? Yeyote! Hebu nieleweke vizuri. Sikuikasirikia dini yao. Dini ya mtu ni yake, na mtu akinieleza sharti lake nalifuata. Kilichonipandisha mori ni kwamba sharti lenyewe lilikuwa jepesi namna ile. Taulo! Jambo la taulo tu, na wanaume wazima wanatunga habari za breki.

Bibi alinirushia leso kuukuu kwa mbali, akaniambia nisimrudishie. Nikaanza kumfuta. Jua lenyewe siku hiyo lilikuwa linachungulia na kujificha, na kila nikidhani tumefika mahali, manyunyu yanashuka, nami namburura mbwa mgonjwa chini ya upenu wa kibanda. Manyoya yale yalishika maji mpaka kwenye ngozi. Nilisugua huku nazihesabu mbavu zake kwa vidole. Yule dereva wa kwanza kila baada ya muda anakuja, anachungulia, anarudi garini. Hasemi kitu. Nami kwa hasira sikumwambia kitu.

Aliporudi kutoka kuswali adhuhuri akainama, akamtazama mbwa kwa makini upande huu na upande huu. Akafungua mlango wa nyuma, akatandika gunia.

"Twende, mwalimu."

"Na mgeni wako je?"

Akawasha gari. Aliendesha vizuri, hilo nampa, tena mbio. Tulipovuka daraja la Kilifi mbwa alikuwa bado anatikisa sikio nikimwita. Mbele kidogo akaacha.

Mtwapa nilishindwa kumnyanyua, mikono ilikuwa imekufa ganzi kwa kusugua. Dereva akamtoa mwenyewe, akamkumbatia kifuani, mate ya mbwa yakimtiririka kwenye shati alilotoka kuswalia, akaingia naye ndani mbio. Daktari akaweka mkono kifuani pa mbwa. Akauacha hapo muda mrefu.

"Amekwisha," akasema. "Bado ana joto. Si nilikwambia asubuhi? Mlikuwa wapi?"

Dereva ndiye aliyejibu, ameinamisha uso. "Alikuwa majimaji, daktari. Tulisubiri akauke."

Daktari alikuwa mtu wa bara kama mimi. Alitutazama mmoja mmoja, hakuelewa kitu. Mimi nikamgeukia yule bwana nikapiga kelele mpaka watu wakasimama mlangoni. Tangu asubuhi! Neno moja tu! Ungesema mkaushe, ningemkausha, saa hizi angekuwa ameshachomwa sindano! Ulikuwa umekaa pale unaniangalia! Kwa nini hukuniambia?

Alisimama na shati lake lililolowa, mikono ameitenga na mwili.

"Niliona haya, mwalimu," akasema. "Ulikuwa umemuosha vizuri sana."