Rudia, Fundi Mwenzangu

Fundi saa ana kanda thelathini na moja za bendi moja tu, zote zimerekodiwa ukumbini, na nyingi zina wimbo ule ule. Ukimuuliza za nini zote hizo, atakukata jicho. Jumamosi wimbo ulikwenda dakika tisa, Jumapili mpiga gitaa akapotelea humo ndani dakika ishirini na mbili, halafu wewe unamwambia ule ule?

Hiyo ya Jumapili ndiyo kipenzi chake, ingawa, kama asemavyo mwenyewe, onyesho lenyewe lilimpita. Mchana ule mkewe alikuwa akijifungua kifungua mimba wao, naye alishinda kwenye benchi nje ya wodi. Kanda aliipata baadaye.

Leo kaiweka kwenye spika mpya, mkewe akikunja nguo kitandani. Gitaa lilipotulia, mtu akapaza sauti katikati ya umati: "Rudia, fundi mwenzangu, rudia."

Mkewe akaacha kukunja. "Huyo ni wewe."

"Wapi, bwana." Akairudisha kanda nyuma, akasikiliza tena. Sauti ilikuwa yake, na hakuna mwingine aitaye kila mtu fundi mwenzangu. "Lakini mimi nilikuwa hospitali, mama watoto. Lile benchi liliniua mgongo. Nalikumbuka mpaka rangi, la kijani."

Wala hakuwa akidanganya.

Mkewe akachukua shati jingine, akalinyoosha taratibu.

"Baba watoto," akasema, "mimi nilijifungulia humu humu chumbani."