Shangazi wa Mapokezi

Katika ofisi moja ya serikali kati ya Handeni na Korogwe, nilisimama nyuma ya mama mmoja kwenye meza ya mapokezi.

“Jaza daftari, mama. Jina, unakotoka, shida yako,” karani alisema.

Mama alishika kalamu, akasoma majina ya waliotangulia, akaiweka chini. Akanong'ona: “Mwanangu, kuna wageni msituni wanawachukua vijana wetu kwa siri. Nikiandika hapa, kesho kijiji kizima kitajua nani kasema.”

“Bila kuandika hupiti.”

Mama akageuka kuondoka. Ofisa mmoja aliyesikia yote kutoka mlango wa ofisi uliokuwa kando ya meza akamwahi.

“Shikamoo, shangazi. Mbona hukunipigia simu?” Akalivuta daftari na kwenye safu ya shida akaandika mwenyewe: kusalimia.

“Marahaba, baba. Simu haina chaji,” mama akajibu bila kusita, wakaingia ndani.

Nusura nipige makofi. Serikali inanunua mitambo ya kunasa siri za magaidi, kumbe siri zenyewe huja kwa miguu na kurudishwa mlangoni. Kwa kawaida mimi hutaja kila kitu kwa usahihi, lakini safari hii ofisi, siku na kijiji cha mama yule nimevisahau kabisa.