Safari ya Kihesa Kutafuta Bima ya Vyerehani vya Chama

Kiangazi kile moto wa nyasi uliruka barabara ukateketeza banda la chama cha maseremala, jirani zetu wa Mwanjelwa. Kesho yake sisi wanawake thelathini na mmoja wa chama cha ushonaji tulikaa tukivitazama vyerehani vyetu sita. Hivyo ndivyo tulivyofundishia wasichana bure, na hatukuwa na vingine. Wakala wa bima wa pale Mbeya alikuwa ametukatalia. "Mali isiyo na mwenyewe siiandikii bima," alisema. Tukasikia kwamba Kihesa, kule Iringa, kina mama wa Kilutheri wamekata bima ya shule yao ya watoto wadogo. Mimi ndiye katibu, nikatumwa nikaulize wamefanyaje.

Jumatatu alfajiri nilipanda basi. Hadi Igawa vumbi lilikuwa limeniingia mpaka kwenye nyusi. Makambako baridi ilinikuta na khanga mbili tu, nikatetemeka waziwazi. Mama mmoja wa Kibena akanisogezea nusu ya blanketi lake, wala hakuniuliza jina.

Jioni nilifika Kihesa kwa Mama Yohana, mwenyekiti wa kile chama.

"Kamwene!" akanisalimu.

"Kamwene, mama," nikajibu. Kihehe changu kiliishia hapo, naye akacheka sana. Alipotenga chakula aliniwahi: "Kuku huyu kachinjwa na jirani yetu Mwislamu. Kula, Bi Zuhura, usiwe na wasiwasi." Nikala mpaka nikaona haya.

Asubuhi alinipeleka mjini kwa wakala wao, Bwana Pinto, mzee mwenye miwani iliyoshikizwa kwa uzi.

"Vyerehani vikiungua, atakayelia ni nani?" aliniuliza.

"Wanawake thelathini na mmoja."

"Wengi mno kwa karatasi yangu. Nichagulieni watatu walie kwa niaba ya wenzao." Akacheka, kisha akanieleza taratibu: chama kiandikishwe serikalini, mkutano uchague wadhamini watatu, na hao watie sahihi. Mali itabaki ya chama, hata mdhamini akihama au akifariki.

"Tumeshaandikishwa," nikasema, nikamtolea cheti.

Alikisoma mara mbili. "Basi mlikataliwa bure. Paa ni la nini?"

"La bati. Ila jiko la nyasi limeegemea ukuta."

"Jiko hilo livunjwe. Likiwapo, siandiki."

Nilitoka na fomu kifuani, nikamkumbatia Mama Yohana pale pale barabarani. Alikuwa ameacha kazi zake asubuhi nzima kwa ajili ya vyerehani ambavyo hajapata kuviona.

Jumatano nilirudi Mbeya. Wenzangu walikuwa wakinisubiri stendi. Kabla sijamaliza kueleza habari ya jiko, Bi Tatu, mkubwa wetu kwa umri, alikwishajifunga khanga kiunoni. Tulilivunja kwa nyimbo, nyasi zikitujaa vichwani, na chai ya siku ile tukaipikia uani kwa jirani.

Kwenye mkutano Bi Tatu alichaguliwa mdhamini wa kwanza. Akasita. "Mimi kusoma sijui. Nitatiaje sahihi?"

"Kwa dole gumba," nikamwambia.

Alilikandamiza kwenye wino, kisha kwenye fomu, polepole, akaitazama alama yake kwa muda mrefu.

Fomu na ada tulimtumia Bwana Pinto, na hati ya bima ikaja kwa posta. Niliwasomea wote kwa sauti, na nilipofika penye jina la mwenye mali, ambalo lilikuwa jina la chama chetu, walipiga vigelegele hadi wapita njia wakachungulia.

Nilijifunza mengi ya bima safari ile. Lakini zaidi nilijifunza kuuliza kwa wenzetu kabla ya kukata tamaa. Mwaka uliofuata kina mama wa Tukuyu walikuja kuniuliza mimi. Nikawachinjia kuku, nikawatolea fomu.