Soli Mbili za Kushoto

Kweyu Andati alikuwa na jicho ambalo soko zima la Kariokor lililiheshimu. Mteja aliposimama mbele ya meza yake, hata kabla ya kusalimiana, Kweyu alikuwa amekwisha kumtazama miguuni na kujua yote: huyu ni wa nambari saba, kidole gumba kimepindwa na viatu vya mitumba, kisigino cha kulia ndicho kinachobeba mwili. Hapo angechovya kisu katika kopo la maji, kwa kuwa mpira wa tairi haukubali kisu kikavu, na kukata soli ya kulia kwa mzunguko mmoja usiosita. Ya kushoto aliikata bila kuitazama ya kulia. Wakataji wenzake wa akala, makubazi ya tairi, walitumia kielelezo cha kadibodi. Kweyu aliwatania kwamba kadibodi ni fimbo ya kipofu. Kwa miaka ishirini na sita jicho hilo lilimlisha, likamsomeshea bintiye Mourine, likampa na jina: kule Shauri Moyo alikoishi, hata kanisani aliitwa Fundi.

Kisha ukaja mkanda wa jeshi. Malengelenge yalimshika upande wa kulia, kuanzia mgongoni, yakazunguka bega na ubavu, yakapasuka, yakakauka. Wiki ya nne ngozi ilikuwa imepona na majirani wakamshukuru Mungu. Kumbe ugonjwa ulikuwa umetoka kwenye ngozi ukahamia chini yake. Kweyu alihisi kana kwamba mtu amemwekea pasi ya makaa ubavuni kisha akasahau kuiondoa. Shati likimgusa, aliruka. Asenath, mkewe, alitoa kitambaa chake cha satini cha kufunga kichwani, akamzungushia kifuani, kwa sababu hicho tu ndicho ngozi yake ilichokivumilia.

Daktari wa zahanati alimweleza kwa upole kwamba neva zilikuwa zimeumia, na neva ikiumia hupiga kelele hata pasipo kidonda. Akamwandikia vidonge vya kumeza kila jioni.

"Vitapunguza maumivu, havitayaondoa," alisema. "Na usiviache ghafla, hata ukijiona una nafuu."

"Vitapunguza kiasi gani, daktari?"

"Tukipata nusu, mzee, tutashukuru."

Nusu waliipata, na hilo lazima lisemwe kwa haki. Kweyu alianza kulala tena. Lakini aliamka na kichwa kizito kama gunia la pamba lililonyeshewa, na ulimi umegandamana na kaakaa kama aliyelamba msasa. Tumbo lilifunga. Alikaa chooni huku wapangaji wenzake wakipanga foleni nje. "Fundi, umehamia huko? Tukuletee godoro?" Miguu nayo ikavimba. Akala alizojikatia mwenyewe, zilizomkaa kama ngozi ya pili, zikakataa kuingia. Wahenga walisema kinyozi hajinyoi, lakini hawakusema lolote kuhusu mshona akala anayekwenda kazini kwa slipa za plastiki za mkewe.

Yote hayo angeyavumilia. Lililomvunja lilitokea Jumatatu moja saa nne asubuhi, pale Mukami, mwanamke aliyeshonea shanga kwenye mikanda katika meza ya pili, alipoinua jozi mpya na kuitazama kwa mbali kama anayepima samaki.

"Fundi, mwenye hizi ana miguu mingapi?"

"Miwili, kama wewe."

"Basi yote ni ya kushoto. Tumpelekee straika wetu wa taifa. Labda ndiyo maana hafungi!"

Meza zote ziliangua kicheko. Kweyu alicheka pia, hadi alipozikagua nyingine. Kati ya jozi nane alizokata asubuhi hiyo, tatu zilikuwa kushoto kwa kushoto. Kukosea si ajabu, hata kiboko huteleza majini. Kilichomwogofya ni kwamba hakukumbuka kuzikata.

Mzee Mulwa, mwenye meza na tairi zote, hakumgombeza. Alikuja na kipande cha kadibodi kilichokatwa kwa umbo la unyayo, akakiweka mbele yake taratibu.

"Kweyu ndugu yangu, tumia hiki mpaka upone."

"Sitapona, Mzee."

Mulwa akakisukuma karibu zaidi. "Basi tumia hiki."

Kadibodi nayo haikumsaidia. Unakata ya kulia, unaigeuza, unakata ya kushoto. Mtoto wa darasa la tatu angeweza. Lakini kati ya kulia na kushoto wingu lilipita kichwani mwa Kweyu, na likishapita alijikuta ameshika kadibodi mkononi asijue kama amekwisha kuigeuza au bado. Akaigeuza ili awe na uhakika. Akaigeuza tena.

Jumatatu iliyofuata ikaja kazi ya Okinyi, kiongozi wa kwaya moja ya Kaloleni. Alitaka jozi arobaini za akala kwa waimbaji wake, zote ziwe tayari Ijumaa jioni kwa ajili ya tamasha la Jumamosi. Mulwa alimwita Kweyu kando, nyuma ya rundo la tairi za lori.

"Hii nakupa wewe. Zikitoka sawa, kisu ni chako kama zamani. Zikiharibika, Kweyu..." Akapiga tairi moja teke dogo. "Tairi ikishakatwa hairudi kuwa tairi."

Jioni hiyo ya Jumatatu, Kweyu hakumeza kidonge.

"Baba Mourine," Asenath alisema, "daktari alikukataza kuacha ghafla."

"Daktari hakati soli."

"Na wewe ukianguka na kisu mkononi?"

"Nikianguka, angalau nitakuwa nimekishika."

Jumanne alitoka jasho na mikono ikamtetemeka, akakata jozi nne tu. Jumatano kichefuchefu kilimkunja mara mbili nyuma ya meza. Alhamisi asubuhi, akiwa hajalala siku tatu, pazia likafunguka kichwani. Kila kitu kilikuwa safi, chenye kingo kali: meno ya tairi, maji katika kopo, vumbi kwenye shanga za Mukami. Na moto wa ubavuni ulikuwa umerudi mzima, bila kupunguzwa hata chembe. Alivua shati, akabaki na satini ya mkewe kifuani, akaitupa kadibodi chini ya meza.

"Leo tumeletewa bibi harusi," Mukami alinong'ona, lakini Kweyu hakumsikia. Jicho lilikuwa limerudi. Kisu kilizunguka na mpira ukatii. Kwa muda wa saa mbili hivi alikuwa mtu mwenye furaha anayechomwa moto. Baadaye furaha ilikwisha, moto ukabaki, naye akaendelea kukata, akiuma kipande cha ngozi ya ng'ombe asije akapiga kelele.

Ijumaa saa kumi jozi ya mwisho ilitoka mezani. Mukami alizikagua zote, akihesabu kama anayeimba. "Kulia, kushoto. Kulia, kushoto. Fundi, umerudi!"

"Si niliwaambia?" Mzee Mulwa alisema, uso umemchanua. "Na Jumatatu zinakuja sitini nyingine!" Kwa furaha yake akampiga Kweyu kofi la pongezi begani.

Lilikuwa bega la kulia. Kweyu alipiga ukelele ambao ulizima soko. Nyundo zilisimama. Alipiga magoti kwenye vipande vya mpira, akalia mbele ya wateja na wachuuzi, na hakuna aliyethubutu kumgusa ili amwinue. Akiwa pale chini alilielewa jambo lililokuwa wazi tangu mwanzo. Kisu na usingizi havingeweza kukaa nyumba moja. Sitini zingekuja, kisha mia, na kila jozi ingedai moto huu mzima.

Nyumbani, jua likizama, Asenath aliweka mezani bilauri ya maji na kidonge kimoja.

"Chagua wewe," alisema. "Mimi nimechoka kukusikia ukilia huku najifanya nimelala."

Kweyu alikitazama kidonge hicho kidogo, cheupe, kisicho na hatia. Akakimeza.

Jumatatu alifika sokoni saa tano, pamba ikiwa imejaa tena kichwani. Kwenye meza zile kulikuwa na desturi: kisu cha mkataji hakipokezwi mkono kwa mkono. Anayeondoka hukilaza ndani ya kopo la maji, na anayekuja hukitoa humo. Hivyo ndivyo Kweyu alivyokipata kwa mwalimu wake, marehemu Luseno, macho ya mzee huyo yalipofifia. Alisimama mbele ya kopo kwa muda mrefu, watu wakadhani amesinzia wima. Kisha akakiachia kisu kikazama.

"Fundi, usinifanyie hivyo," Mukami alisema.

"Sikufanyii wewe, dada yangu."

Mulwa alimpa kiti mwishoni kabisa, kazi yake iwe kulinganisha soli zilizokatwa na wengine na kuzifunga jozi kwa uzi. Ni kazi wanayopewa watoto wa shule wakati wa likizo. Kweyu aliifanya polepole. Kinywa kilikuwa kikavu, miguu imejaa ndani ya slipa, na ule moto wa ubavuni sasa ulikuwa nusu, nusu ile waliyoahidiana na daktari.

Baada ya chakula cha mchana aliinua jozi moja. "Mukami, hizi ni za mtu mmoja?"

Mukami alizitazama. "Ni jozi safi, Fundi. Funga."

Akazifunga. Kope zikamwelemea na kichwa kikamlalia kifuani. Kupitia upenyo mdogo wa jicho, lile jicho ambalo Kariokor ililiheshimu, alimwona Mukami akinyata, akiichukua ile jozi, akifungua uzi, akiirudisha soli moja ya kushoto kwenye rundo na kutafuta ya kulia.

Kweyu aliyafumba macho kabisa, aonekane amelala. Kisingizio hicho, angalau, dawa ilikuwa imempa.