Kikapu cha Shukrani cha Spéciose

Kanisani kwetu Kamenge, mgonjwa akitoka hospitali haachwi apumzike. Jumapili inayofuata lazima asimame mbele na watu wa nyumba yake watoe sadaka ya shukrani, mke akibeba kikapu kichwani. Basi Astère, fundi cherehani, aliporuhusiwa Alhamisi, akina mama wa kwaya walimpokea mkewe Spéciose, Mama Gaël, kwa vigelegele kabla hajafungua hata mlango.

Angewaambia nini? Daktari alikuwa amemwita pembeni, peke yake: mpeleke nyumbani, hapa hatuna la kufanya tena. Spéciose aliniambia mimi tu, jirani yake, nami nikamshauri anyamaze. Mdomo wangu huu!

Jumapili akapita katikati ya kanisa na kikapu cha maharagwe mapya. Astère alimshika bega kama mtu anayecheza, kumbe anajiegemeza. Mchungaji akampa Spéciose kipaza sauti atoe ushuhuda. Akafungua mdomo, sauti haikutoka. Watu wakadhani ni furaha, wakapiga makofi.

Astère akakichukua yeye kipaza sauti.

"Mi namshukuru Mungu," akasema akihema. "Na mavuno yanayokuja, hiki kikapu nitakibeba mwenyewe, kichwani kwangu. Mama Gaël atapumzika."

Kanisa zima likaitikia amina. Nami nikaitikia, Mungu anisamehe. Spéciose alikishika kikapu chake kwa mikono miwili, mpaka mumewe akamgusa bega tena.

"Mama Gaël, na we sema amina."

Akasema.