Mimi Nilikuwa wa Tisa

Kolong'o, kolong'o, kolong'o. Hiyo ndiyo sauti ya mkoba wa marungu ya chuma ukiburutwa kwenye ngazi za chuo, kutoka ghorofa ya pili mpaka chini, kila Jumanne saa kumi jioni, wakati mimi nimemaliza tu kupiga deki. Mpaka leo, sufuria zikigongana jikoni kwetu Discovery Gardens, tunakolala sita chumba kimoja, mkono wangu hutafuta mopu.

Chuo chenyewe kilikuwa Al Quoz, huku Uarabuni, katikati ya gereji na maghala ya vigae. Kidogo tu, cha mambo ya biashara, ghorofa tatu na lifti moja iliyokuwa ikifanya kazi ikijisikia. Mimi nilikuwa msafishaji. Aliyekuwa akiburuta mkoba ni mwalimu wa uhasibu, mama mfupi kutoka Ufilipino mwenye kofia pana kama sinia, aliyeifundisha pia timu ya softboli ya wasichana. Wote walimwita kochi. Mkoba ulikaribia kumzidi kimo, na nyuma yake uliacha mistari miwili myeusi kwenye sakafu yangu. Kila Jumanne aliniambia pole, na kila Jumanne nilipiga deki mara ya pili.

Siku moja nikashika ule upande wa nyuma, tukaubeba pamoja. Watu nikiwahadithia husema nina roho nzuri. Nilikuwa nikiiokoa sakafu yangu.

Basi ndivyo nilivyoingia kwenye softboli, kinyumenyume, nikishuka ngazi.

Historia ya timu ile haikuandikwa popote. Kwenye vipeperushi vya chuo kuna picha ya bwawa la kuogelea ambalo chuo hakina, lakini timu iliyokuwapo kweli haimo. Ninayoyajua nimeyapata kwa kochi pale ngazini, na kwa kapteni, msichana wa Nairobi mwenye mdomo mwepesi, aliyeniita dada tangu siku ya kwanza kwa sababu nilimzidi miaka mitatu minne.

Ilianza hivi. Kochi alibandika karatasi ya kutafuta wachezaji kwenye mlango wa lifti. Lifti ilikuwa imekufa wiki hiyo, kwa hiyo watu walisimama pale wakiisubiri na hawakuwa na la kufanya ila kusoma. Wasichana wakajaa. Ilisaidia pia kwamba kulikuwa na jezi ya bure. Mwaka wa pili nusu yao wakagundua kwamba mchezo unachezwa juani. Mwaka wa tatu wengine wakahitimu, mmoja akaolewa, mmoja akaanza kuugua kila Jumamosi yenye joto. Katika miaka yote hiyo walishinda mechi moja tu, kwa sababu basi la wapinzani lilipotea huku kwetu Al Quoz na halikufika. Kapteni aliihadithia mechi hiyo kama vita. "Hawakupata hata pointi moja, dada. Hata moja."

Wakabaki tisa, na softboli inataka tisa uwanjani. Wakati huo sir, mkubwa wa mambo ya wanafunzi, alikuwa ameitamani stoo ya timu aweke mashine za kuchapishia. Akatoa sharti: kila mechi wasimame tisa, wote wanafunzi. Wakipungua mara mbili, timu inafutwa. Mara ya kwanza ilikwisha kupita, siku moja yenye joto. Ndipo msichana mmoja akahamia Abu Dhabi na wazazi wake, zikiwa zimebaki mechi tatu.

Jumanne hiyo kochi aliketi juu ya mkoba chini ya ngazi na hakuinuka. Kapteni alisimama akiniangalia, mimi na mopu yangu, muda mrefu kuliko adabu inavyoruhusu.

"Dada, ushawahi kucheza huu mchezo?"

"Nimecheza kati, ule wa kukwepa mpira. Kilifi nzima hakuna aliyenipiga."

"Kati si softboli."

"Kuna mpira?"

"Kuna."

"Kuna kukimbia?"

"Kuna."

"Basi tatizo liko wapi?"

Tatizo alilijua na mimi nililijua. "Sir atakutambua," akasema. "Unamfagilia ofisi kila asubuhi."

"Kila asubuhi," nikasema, "na hajawahi kuinua macho."

Kapteni akamtafsiria kochi. Nilidhani atakataa, maana ni mwalimu wa hesabu na watu wa hesabu hawapendi kudanganya. Alitazama miguu yangu akauliza kitu kimoja tu: navaa kiatu namba ngapi.

Jumamosi nilimaliza kazi saa nane, nikavaa jezi namba tisa chooni, kitambaa changu cha kufutia vumbi nikakisahau mfukoni. Langoni alikuwapo askari wetu, kijana wa Uganda aliyekuwa akiniita nyabo, yaani mama kwa lugha ya kwao.

"Nyabo, leo unatoka na wanafunzi?"

"Afande, na mimi ni mwanafunzi."

"Unasoma nini?"

"Kukimbia."

"Hiyo nilisoma pia, nikafeli," akasema, akafungua lango.

Uwanja ulikuwa wa mchanga mtupu nyuma ya maghala, vituo vitatu vimepigiliwa chini kama mito midogo, na kibao cheupe cha mpira pale anapoanzia na kumalizia mchezaji. Unapiga mpira kwa rungu, unakimbia kituo cha kwanza, cha pili, cha tatu, ukikanyaga kibao umepata pointi. Kochi aliniweka mbali kabisa, upande ambao mpira hauji.

Mpira ukaja.

Niliuokota, nikamwona msichana wa timu nyingine anakatisha mbele yangu kuelekea kituo cha pili, na mwili wangu ukafanya ulichofundishwa tangu darasa la kwanza. Nilimlenga katikati ya mabega. Pu. Nikainua mikono yote miwili, nikasubiri atoke nje, maana kwenye kati ukipigwa umekufa. Hakutoka. Aliongeza mbio.

Kapteni akanijia polepole, mkono umefunika mdomo. "Dada, huku hatupigi mtu. Unamrushia mwenzako aliye kwenye kituo."

"Na aliyepigwa?"

"Anaendelea kukimbia."

"Sasa faida ya kumpiga ni nini?"

"Ndiyo hapo," akasema. "Hakuna."

Mchezo ulipokatika nilimwendea yule msichana nikamsugua mgongo mpaka akaniambia inatosha.

Zamu yangu ya kupiga ikawa balaa jingine. Mpira ukitupwa, mimi naukwepa. Nilikwepa ule wa kwanza kwa kuruka, wa pili kwa kuinama, wa tatu kwa kujipinda kiuno kwa namna ambayo Kilifi wangepiga vigelegele. Refa akaniambia nimetoka. Kochi hakucheka. Jumanne iliyofuata alinisimamisha ukutani, akanitupia soksi zilizokunjwa, moja baada ya nyingine, mpaka nikajifunza kusimama.

Tulishindwa mechi ya kwanza. Ya pili tukashindwa kidogo tu, tukala shawarma kama washindi. Siku hiyo sir alikuja na vyeti. Alinishika mkono, mkono uleule uliokuwa umemwaga pipa lake la taka asubuhi.

"Darasa gani?" akaniuliza kwa Kiingereza.

"La jioni, sir."

"Vizuri sana," akasema, akanipa cheti cha mchezaji mwenye nidhamu. Kapteni ikabidi ajifanye anafunga kamba za viatu. Nilicheka njia nzima ndani ya basi la kampuni yetu ya usafi. Nilipofika chumbani nikakumbuka kwamba ninazijua soksi za sir zote, yeye hata uso wangu haujui, na kicheko kikapungua kidogo.

Ikabaki mechi moja. Tukiimaliza tisa, timu inaishi mwaka mwingine. Kochi alikuwa ameshaandika karatasi mpya ya mlango wa lifti, aliniomba niisafishie pale pa kubandika. Mimi nilikuwa na jambo langu dogo ambalo sikumwambia mtu: nilitaka kukanyaga kile kibao. Hata mara moja. Nilikuwa sijawahi kufika hata kituo cha kwanza.

Siku yenyewe ilikuwa ya upepo. Zamu yangu ilipofika nilisimama kama alivyonifundisha, mpira ukaja, nikaupiga kama mtu anayekung'uta zulia. Ukapaa juu ya kichwa cha mrushaji. Nilibaki nikiutazama jinsi unavyopendeza mpaka wasichana wote wakapiga kelele nikimbie. Nikakimbia. Kituo cha kwanza. Kapteni akapiga baada yangu, mpira mrefu, nikapita cha pili, nikasimama kwenye cha tatu. Kibao kilikuwa pale mbele, hatua ishirini, cheupe.

Kando ya kituo cha tatu palikuwa na kiti cha sir.

Refa alisimamisha mchezo mrushaji atoe mchanga machoni. Sir alikuwa ameinuka kujibu simu, na upepo ukajaza kiti chake vumbi. Simu ikaisha. Akageuka ili aketi. Wallahi sikufikiri. Mkono ulikwenda mfukoni wenyewe, ukatoa kitambaa cha njano, ukafuta kiti, mgongo kwanza kisha kikalio, ukakisogeza kidogo kushoto kama anavyopenda kule ofisini.

"Karibu, sir," nikasema.

Aliketi. Akatazama kitambaa. Kisha akanitazama usoni, na nadhani ilikuwa mara ya kwanza. Hakuwa na hasira. Alikuwa kama mtu aliyetafuta miwani nyumba nzima akaikuta puani.

"Ni wewe," akasema.

Akainuka, akaenda kwa refa. Refa akahesabu wachezaji wetu kwa kidole, akaniruka. Wanane, mara ya pili. Khalas, timu imekwisha.

Nililia palepale juu ya kituo cha tatu. Sikutaka kushuka. Kapteni alikuja akasimama karibu nami.

"Ningemwacha akae kwenye vumbi," nikamwambia.

"Usingeweza, dada."

Kochi akaninyang'anya kitambaa mkononi akanipangusa nacho machozi, kitambaa kilekile cha kufutia kiti, nikabaki na mchanga uso mzima, na tukaanza kucheka sote watatu tukiwa bado tunalia. Ile karatasi yake ya mwaka mpya aliikunja mara nne akaiweka ndani ya kofia.

Nilingoja kufukuzwa. Jumapili, Jumatatu, kimya. Askari wa langoni ndiye aliyenifungua macho.

"Nyabo, hakufukuzi. Akikufukuza ataulizwa kwa nini. Atasema ulijifanya mwanafunzi. Watauliza, nani alikupa cheti?"

"Yeye."

"Basi. Kitunze hicho cheti kama pasi yako ya kusafiria."

Kweli, sir hakusema neno. Ila tangu hapo nikiingia ofisini aliinua miguu nifagie chini, na siku moja alisema asubuhi njema, akiiambia kompyuta.

Timu ikafutwa kwa karatasi ya mistari mitatu kwenye mlango wa lifti. Safari hii lifti ilikuwa nzima, kwa hiyo hakuna aliyesimama kuisoma. Wasichana walinunua keki, kochi akarudi kwenye hesabu zake, na Jumanne saa kumi sakafu yangu ikawa safi mpaka ikaniudhi.

Wiki iliyofuata nilipewa kazi ya kutoa vitu stoo na kung'oa vilivyobaki uwanjani, mashine zinakuja. Nilikwenda saa moja asubuhi, kabla ya wanafunzi, na toroli na patasi. Vituo vilikuwa vimefunikwa mchanga. Nilianza cha kwanza, nikaking'oa. Cha pili, nikaking'oa. Nilipofika cha tatu nikaweka patasi chini.

Nikakipangusa kwa kitambaa. Nikasimama juu yake na viatu vyangu vya kazi, nikavuta sidiria vizuri, nikatazama kushoto na kulia. Hakukuwa na mtu. Nikakimbia zile hatua ishirini, kwa kasi yote niliyonayo, nikakanyaga kibao kwa mguu wa kulia. Halafu na wa kushoto, pasiwe na ubishi.

Kisha nikarudi kuchukua patasi.